Komisyonere Aliyepata Nne juu ya Ishirini

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kazi hii ina ugonjwa wake: kila ninachokiona nakitia alama. Supu ya harusini, mahubiri ya padri, namna bwana harusi anavyotembea kuingia kanisani, vyote navipa alama juu ya ishirini, kimyakimya, na sijawahi kumpa mtu ishirini. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kumchagua mtu wa kunitafutia nyumba ya kununua, ya kwanza maishani mwangu, nilifanya kile ninachokijua. Niliandaa mtihani.

Mambo yalianza kwa simu. Mwenye nyumba wetu alikuwa amehamia Kolwezi zamani, akatupangisha nyumba yake ndogo ya matofali hapa Panda, katika mitaa iliyokuwa kambi ya wafanyakazi. Alinipigia Jumatano moja, saa ya mapumziko, akanisalimu kwa heshima nyingi mno, akauliza habari za mama, za shule, hata za kuku. Hapo nilijua kuna jambo. Binti yake anaolewa, akasema, naye anataka kukaa humo na mume wake. Alitupa miezi mitatu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama uani akimimina munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi anachokiuza kwa majirani. Nilimweleza yote. Hakumwaga hata tone.

"Sawa," alisema kwa Kiswahili chetu cha huku. "Lakini mara hii minye sihame tena ku nyumba ya mutu. Nitahama tu ku yangu, ao ku makaburi. Weye njo utachagula."

Mama ana zaidi ya miaka sabini na magoti yake yana zaidi ya hapo. Tangu baba afariki na sisi kutoka katika nyumba ya kazi, amehamishwa mara nane. Kabla ya hapo, nilipokuwa mdogo, tuliwahi kulala stesheni ya gari-moshi majuma mengi, sisi na godoro letu, lakini hilo sitalisimulia hapa. Ni hadithi yake, na hajanipa ruhusa. Ninachotaka kusema ni kwamba aliposema hatahama tena, hakuwa anatania, nami niliogopa. Magoti yale hayakuwa na safari ya tisa ndani yake. Akiba nilikuwa nayo, miaka kumi na minne ya kufundisha watoto wa watu jioni baada ya shule. Kilichokosekana ni ujasiri. Kununua nyumba kuliniogopesha kuliko ndoa, na ndoa nayo niliiahirisha mpaka ikachoka kunisubiri.

Huku kwetu, mtu akitaka nyumba hutafuta komisyonere, yaani dalali. Hana ofisi. Ana benchi kando ya barabara ya soko, ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, na simu mbili. Ubaoni utasoma kwamba kuna nyumba ya vyumba vitatu na choo cha ndani, kumbe nyumba ilishauzwa kabla ya Pasaka na hakuna aliyefuta. Komisyonere hana nyumba mkononi. Anamjua mwenzake, mwenzake anamjua mwingine, na huyo mwingine ana shemeji anayemjua mwenye nyumba. Siku ya kwenda kuitazama mnakuwa msafara, na kila mmoja katika msafara anasubiri chake.

Kila niliyemwomba ushauri alinipa onyo lilelile: usiwaambie unakaa wapi. Wakiijua nyumba yako watajua mfuko wako. Niliona ni ushauri wa watu wenye akili. Nikaamua kwamba nitasema ninakaa Kikula, sehemu nyingine ya mji, nikajifunza hata jina la barabara moja ya huko ili nisijikwae. Kisha nikachukua daftari, nikaandika maswali kumi. Unawezaje kujua kwamba karatasi ya kiwanja ni ya kweli? Ndugu wawili wakigombania nyumba, utafanya nini? Maji yanafika hata wakati wa kiangazi? Maswali mazuri sana. Nilijipenda.

Mtahiniwa wa kwanza alikuwa bwana mwenye koti na tai, kwenye joto lile la Oktoba linalowaangusha hata mbuzi. Alijibu maswali yote kumi bila kukohoa. Alinitajia vyeti vya ardhi kwa majina yao marefu ya Kifaransa, akanipa kadi yenye picha yake mwenyewe akitabasamu. Nilipouliza habari za umeme, aliapa kwamba nyumba zake zote zinapata moto moja kwa moja kutoka Mwadingusha, kana kwamba lile bwawa lilijengwa kwa ajili ya taa ya jikoni kwangu. Hapo nilimpunguzia moja. Lakini bado alipata kumi na saba, na kwa mkono wangu mimi kumi na saba ni kama kutangazwa mtakatifu.

Wa pili alikuwa fundi wa zamani wa kiwandani, mwenye sauti ya kushinda mashine. Kwake kila nyumba ilikuwa "affaire", yaani bei ya bahati, hata ile iliyokuwa na mti umeota ukumbini. Nilimpa kumi na moja, kwa kuwa hakudanganya kuhusu mti.

Wa tatu sikumtafuta. Alikuwa mama mmoja anayekaanga mandazi kwenye kona ya barabara hiyohiyo, ambaye watu walisema naye huwatafutia wenzake nyumba, polepole, bila ubao. Nilimwendea kwa sababu nilikuwa na njaa. Nilipofungua daftari langu na kuanza swali la kwanza, hakulijibu. Alinitazama huku akigeuza mandazi.

"Nani njo ataikala mule mu nyumba?" aliniuliza.

"Minye na mama yangu."

"Mama anatembea muzuri?"

"Magoti inamusumbua."

"Basi tuondosheni zote za ku kilima. Na choo isikuwe mbali. Anafanyaka nini, mama?"

"Anauzishaka munkoyo."

"Ah! Basi lazima fasi ya kupita batu. Na sasa munaikala wapi?"

"Kikula," nilisema, upesi, na jina la barabara nikalitaja bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Nani anamtahini nani hapa? Nilijaribu swali la pili, la ndugu wanaogombania nyumba, akasema hilo tutaliona tukifika kwenye karatasi. Nilijaribu la tatu, akaniuliza kama nataka mandazi ya moto au yaliyopoa. Nilipofika nyumbani nilimtia nne juu ya ishirini, na hizo nne nazo zilikuwa za mandazi.

Kwa hiyo nikamchagua mwenye tai. Majuma matano akanizungusha. Nililipa ada ya kutembelea kila nyumba, kama desturi ilivyo, na nikaona vyumba visivyo na dirisha, kiwanja kilicho bondeni ambacho yeye alikiita "fraîcheur", yaani ubaridi mzuri, na nyumba nzuri kabisa ambayo wenyewe walishangaa kusikia kwamba inauzwa. Muda ulikuwa unayeyuka. Mama hakuniuliza kitu. Kila jioni aliniona nikivua viatu vyenye vumbi, akanisogezea maji ya miguu, na hilo lilinichoma kuliko maswali.

Jumamosi moja asubuhi mwenye tai akanipigia kwa furaha.

"Maman, minapata! Panda. Nyumba ya ukweli, matofali ya zamani ya kampani, haibomoke hata na bomu. Patron ya nyumba iko pressé, anataka kuuzisha mbio. Kuya!"

Tulikutana sokoni. Alikuwa na wenzake watatu, ambao sikuwahi kuwaona na ambao wote walinipa mkono kwa heshima. Tukaanza kutembea. Tulipokata kona ya kwanza niliona ni njia yangu ya kwenda kazini, nikafurahi: tutabaki mtaa uleule. Tulipokata kona ya pili nikawaona watoto wa jirani, wakaniita "Madame!", nikajifanya sisikii. Tulipokata ya tatu nikabaki nyuma ya msafara. Msafara ulisimama mbele ya lango la bati lenye kutu pembeni. Lango ninalolifunga kila usiku kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwenye tai akabisha hodi nyumbani kwangu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Aliinua macho, akaona wanaume wanne, na nyuma yao mimi, nikimkonyeza kwa jicho la kushoto kwa nguvu zangu zote. Sijui alielewa nini, lakini alielewa kwa kasi ya mwanafunzi wangu bora.

"Karibuni," alisema. "Munakuya kuangalia nyumba?"

"Ndio, mama muzee. Mwenyewe anatutuma. Tunapitisha client kidogo tu."

"Pitisheni. Lakini client akuwe makini na ile mulango, inaanguka."

Nikaonyeshwa nyumba yangu. Nilionyeshwa jiko langu, nikaambiwa kwamba ni dogo lakini lina hewa. Nilionyeshwa ufa wa ukumbini, ambao nimeutazama kila jioni miaka sita, nikaambiwa ni mstari wa rangi. Kisha mwenye tai akasukuma mlango wa chumba changu cha kulala, akasimama katikati, akatazama nguo zangu kwenye kiti, rundo la madaftari sakafuni, kitanda kisichotandikwa.

"Chumba iko ya maana," alisema kwa masikitiko. "Ni ule anaikala humu tu njo hana ordre."

"Ordre gani!" mama alipaza sauti kutoka uani. "Minamwambiaka kila siku, hasikiake!"

Nilifikiri nitakufa kwa kicheko au kwa hasira, na sikujua kipi kitatangulia. Mama naye alikuwa ameonja utamu wa mchezo. Aliingia akijikokota, akaanza kuwahesabia kasoro: bati linavuja pale, na pale, na pale, nyoka alionekana mwezi uliopita, kwaya ya jirani hufanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri na mwimbaji wa besi hana sauti. Wale wenzake watatu walianza kutazamana. Mwenye tai akanivuta pembeni, karibu na kitanda changu, akashusha sauti.

"Maman, ule muzee asikusumbue. Bapangaji habajajua kama nyumba inauzishiwa, patron hakutaka kelele. Akikatala kutoka, iko dawa. Tunaondosha mabati mbili, tatu, siku ya mvua. Bazee habashindake mvua. Mu juma moja ataenda yeye mwenyewe."

Kicheko kilikufa. Nilimwona mama kupitia mlangoni, amesimama kwa kushikilia ukuta, akingojea kwa hamu zamu yake nyingine ya kuponda nyumba.

"Papa," nilimwambia, "uko mu chumba yangu. Ile ni kitanda yangu. Na ule muzee ni mama yangu."

Alitazama kitanda, akanitazama mimi, akatazama madaftari. Kisha, na hili naapa kwa jina la baba, akarekebisha tai yake.

"Basi, maman, inakuwa bien. Nyumba unaijua tayari. Lakini pesa ya visite inabaki palepale."

Nilimfukuza kwa ufagio. Sisemi hivyo kwa kupamba, ulikuwa ufagio wa kweli, ule wa uani, na watoto wa jirani walishangilia. Alama zake kumi na saba nilizifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Watu walipoondoka, mchezo uliisha. Mama alirudi kwenye sombe yake.

"Donc hakuna ndoa," alisema.

"Hakuna."

"Anauzisha. Na hakutuambia."

Mikono yake ilikuwa inachambua, lakini majani mabovu na mazuri yalikuwa yanaingia katika sahani moja. Nilitaka kumpigia mwenye nyumba nimtukane kwa lugha zote tatu ninazozijua. Aliona ninaitafuta simu, akasema tu, "Kesho." Nilitii.

Jumapili baada ya misa nilienda kwa mama wa mandazi, maana sikuwa na mwingine. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ufagio. Alinisikiliza huku akikanda unga, na nilipofika kwenye lango la bati lenye kutu, mikono yake ikasimama.

"Ile ya Panda? Yenye mama wa munkoyo?" aliuliza. "Aba! Shi banakuyaga kunipatia minye wa kwanza! Ni juma tatu sasa. Minakatala. Minabaambia, nyumba yenye mutu iko ndani na hajaambiwa, minye simupelekake client pale. Akuje kwanza amwambie mupangaji, labda yeye mwenyewe anaitaka."

"Na ulipomusikia mama wa munkoyo, haukuniwaza?"

"Nilikuwaza sana. Lakini weye ulisema Kikula. Na barabara ukaitaja. Nikasema, eh, bamama ba munkoyo beko bengi."

Nilikaa kwenye kreti ya chupa iliyokuwa pale. Majuma matatu. Kama ningejibu swali lake moja kwa ukweli, ningejua habari majuma matatu mapema, bila tai, bila bonde, bila kuonyeshwa kitanda changu. Lakini mimi nilikuwa mwerevu. Nilikuwa nimejipa alama za juu kwa uwongo wangu. Nilimwambia hivyo, naye akacheka mpaka unga ukamrukia usoni, akanipa andazi bila kuniuliza kama nataka la moto au lililopoa.

"Basi sema sasa," alisema. "Unaitaka?"

"Inavuja."

"Unaitaka?"

Nilikumbuka mama akishikilia ule ukuta. "Ninaitaka."

Hivyo ndivyo nilivyomchagua komisyonere wangu. Alifunga jiko lake siku mbili, jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona. Alimpigia mwenye nyumba, akamwambia amepata mnunuzi wa hakika, lakini aje mwenyewe, na asije peke yake: aje na mke wake na watoto wake wote waliokwisha kuwa watu wazima, kila mmoja atie sahihi. Nilipolalamika kwamba hilo litachelewesha, alinitazama kwa namna ambayo mimi huwatazama watoto wa darasa la tano.

"Mutoto mwenye hakutia sahihi leo njo atakuya kukuondosha kesho. Unataka bakuhamishe mama mara ya tisa?"

Hilo lilikuwa swali la pili katika mtihani wangu, lile la ndugu wanaogombania nyumba. Alikuwa amengoja tufike kwenye karatasi, kama alivyosema.

Walikuja wote, sita. Tulikutana mbele ya chifu wa mtaa, ofisini kwake, na mwenye nyumba aliponiona alifikiri nimekuja kumshtaki.

"Madame," alianza, "ile mambo ya ndoa..."

"Papa, acha ndoa," mama wa mandazi alimkata. "Huyu njo client. Anajua mabaya yote ya nyumba yako, na anaitaka vilevile. Utapata wapi mwingine?"

Mzee yule alitazama viatu vyake. Aliniambia baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba hakutuambia kwa kuwa hakufikiri kwamba mwalimu anaweza kununua nyumba, na kwamba aliona haya kumwondoa mama uso kwa uso. Haya yake ilitusaidia kwenye bei. Mke wake akatia sahihi, watoto wakatia sahihi kwa zamu, na binti wa ndoa ile isiyokuwepo, ambaye kumbe ana mume na watoto wawili, akatia sahihi ya mwisho. Mimi nikaandika jina la mama juu ya langu. Niliandika polepole kama mtoto anayeshika kalamu mara ya kwanza, na sikuona aibu.

Mama hakutaka kuja. Alisema ameshaona karatasi nyingi. Nilipomletea ile yetu, aliisoma kwa miwani, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole, akairudia tangu mwanzo. Kisha akaikunja, akainuka, akaenda kwa jirani kuazima nyundo.

Nyumba zote tulizopanga zilikuwa na amri moja, na kila mwenye nyumba aliitamka siku ya kwanza kabla hata hatujaingiza godoro: hakuna misumari ukutani. Mama aliitii amri hiyo miaka yote. Picha ya harusi yake, rozari kubwa ya marehemu bibi, kalenda za parokia, vyote viliishi ndani ya sanduku, chini ya mashuka. Sikujua hata kwamba alikuwa na misumari. Aliitoa kwenye kikopo cha maziwa, mirefu kama kidole, akachagua mmoja, akauweka ukutani kwenye ukumbi na kupiga.

Alipiga vibaya. Msumari uliruka. Alipiga tena, kwa nguvu za mtu aliyekuwa amengoja sana, na kipande cha lipu chenye upana wa sahani kikaporomoka, vumbi likatanda ukumbi mzima.

"Mama!" nilipiga kelele. "Unaharibisha ukuta!"

Aligeuka polepole, nyundo mkononi, nywele nyeupe zaidi kwa chokaa.

"Ukuta ya nani?" aliuliza.

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu la swali hilo, na jibu lilikuwa jina la mtu mwingine.

"Yako," nilisema.

"Basi nipatie musumari ingine."